Jina la Penseli

Saa kumi na moja kasorobo, Pasua bado imelala.
Mimi na Kimambo tunafuta umande kwenye kioo
kwa gazeti la juzi.
Anawasha, linakohoa, anawasha tena,
analipiga kofi moja la kirafiki karibu na usukani,
na basi la njano, namba tatu, linakubali kuamka.

Kazi yangu ina jina refu kwenye mkataba.
Watoto wananiita Anti Haika.
Nina daftari, nina ndoo ya wanaotapika,
nina khanga ya ziada kwa wanaotetemeka Julai.

Wa kwanza ni mapacha wa Majengo,
mmoja amevaa viatu, mwenzake kavishika mkononi.
Kisha Ndelilio, anayepanda akiwa usingizini:
mama yake ananikabidhi kama trei ya mayai,
namweka dirishani, shavu juu ya begi,
ataamkia Kiboriloni aniulize
kama leo ni leo au bado ni jana.
Mlima ukijifunika, Aikande hutangaza
kwamba umeenda kunawa uso.

Nyuma kabisa wakubwa wa darasa la saba
wananakiliana hesabu magotini.
Gurudumu likiingia shimoni, moja inageuka saba,
na mwalimu hatajua kamwe
kwamba kosa lile ni la barabara.

Muhula wa pili ofisi ilinipa karatasi.
Majina manne, yamepigiwa mstari mwekundu.
Nauli haijalipwa. Wasipandishwe.
Watatu walilipiwa kabla ya wiki kuisha.
Akabaki Elinami wa Msaranga,
anayelelewa na bibi muuza ndizi.

Siku ya kwanza tulimpita.
Alisimama palepale, kwenye nguzo ya umeme,
soksi zimevutwa hadi magotini,
mkono ameshaunyosha.
Hakuushusha. Niligeuka nikamwona kwenye kioo cha nyuma,
mkono ungali juu, mtoto anazidi kuwa mdogo.
Basi zima lilinyamaza.
Hata Ndelilio aliamka.

Siku ya pili, hatua chache kabla ya nguzo,
Kimambo alikunja uso: "Injini inachemka."
Niliutazama mshale wa joto.
Umelala chini kama mbwa aliyeshiba.
Nikasema, "Basi tuipumzishe."
Akashuka, akafungua boneti,
akavikagua vyuma visivyo na kosa, akapiga mluzi.
Mlango, kwa ajili ya joto, tuliuacha wazi.
Mimi nilikuwa na viti vya kuhesabu,
nimeinama, sikuona mtu.

Tangu siku hiyo injini inachemkia Msaranga,
iwe manyunyu, iwe baridi ya kung'ata masikio.
Watoto wanasogea bila kuambiwa,
watatu kwenye kiti cha wawili.
Mmoja wa mapacha alianza kuuliza kwa sauti;
mwenzake akamjaza karanga mdomoni.

Kwenye daftari majina yote ni ya wino.
La Elinami nimeliandika kwa penseli,
na kifutio kinakaa mfukoni mwangu,
siku mtu wa ofisi akitaka kupanda nasi.
Sijawahi kukitumia.
Ijumaa, herufi zikianza kufifia,
nazipitia upya, polepole, basi likiwa limesimama.

Jana alfajiri bibi yake alikuwa nguzoni.
Nilijua tumekwisha.
Nikatafuta maneno, nikayakosa.
Alishika dumu la maji, lita tano,
kalibeba kutoka bombani, gauni limelowa upande mmoja.
"Mjukuu ananiambia gari lenu linapata joto," alisema.
"Haya ni ya injini."

Kimambo alilipokea kwa mikono miwili.
Akafungua rejeta iliyojaa hadi shingoni,
akamimina taratibu, yote, bila kubakiza,
maji yakafurika, yakashuka kwenye bampa,
yakatiririka kwenye vumbi hadi kwenye kandambili zake,
na sisi wote watatu tukasimama tukiyatazama
kama watu wanaotazama kitu kikipona.