Ukurasa wa Nyuma

Kurasa za mbele ni za bosi:
namba ya gari, jina la dereva, magunia mangapi,
saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi.
Ukiligeuza daftari ukaanzia nyuma,
hapo ndipo ninapokaa mimi.

Mchezo ni rahisi, masharti yake ndiyo magumu.
Unaanza na mia moja na moja.
Huandiki mia moja na mbili mpaka uione kwa macho yako,
barabarani, kwenye bati lake,
na ukishaiona ndipo unapoanza kuingoja mia moja na tatu.
Hakuna kuruka. Hakuna kuazima kwa jirani.
Herufi si hoja: iwe namba A iliyochoka,
mkweche wa urithi wenye mlango wa rangi nyingine,
au namba E ambayo viti vyake bado vina nailoni.

Pikipiki hazimo.
Nilijadiliana na nafsi yangu juma zima,
zikashindwa kwa kura moja.
Na yale ya serikali, yenye STL na vioo vyeusi,
yanayopita Kizota kama yanakimbizwa na mvua
katika mji huu usiojua mvua,
hayo nayo hayahesabiki. Hayana T.
Waheshimiwa wanisamehe.

Miaka minne. Nimefika mia nne kumi na moja.

Watu hudhani kulinda ghala ni kazi ya kusinzia.
Hawajui mia mbili na sabini ilivyonitesa
tangu alizeti inapandwa hadi inakamuliwa,
halafu sabini na moja na sabini na mbili
zikaja zimeongozana, basi la Manyoni na lori la simenti,
kama mapacha wanaopelekwa kliniki.
Siku ile nilimnunulia chai hata mkaguzi wa mizani.
Akaniuliza nimepata mjukuu?
Nikasema, kitu kama hicho.

Sechelela, anayeuza karanga kwa kopo ng'ambo ya barabara,
ndiye pekee anayejua.
Juzi akanipigia kelele: "Mzee Ndahani!
Mia nne kumi na mbili imepita, ulikuwa chooni!"
Nikamshukuru. Sikuandika.
Akacheka mpaka akashika kiuno:
"Kwani nani atakukagua?"
Nikalitazama daftari.
Hakuna.
Ndiyo maana.

Kisha Agosti, siku ya mnada wa Msalato,
upepo umebeba nusu ya Bahi na kuimwaga machoni petu,
ikatokea Kenta ya mbuzi.
Nne mbele, mbili nyuma, na katikati
kipande cha gunia kimening'inia
pale pale tarakimu inapokaa.
Yaweza kuwa sifuri. Yaweza kuwa tisa.
Nikapuliza filimbi ya ghala, ambayo ni ya moto na wezi tu:
"Dereva! Tairi! Tairi la nyuma!"
Uongo mtupu.
Akaegesha, akashuka, akainama,
akalipapasa, akashika kichwa.
Msumari, mrefu kama kidole.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili,
Mungu akuzidishie, mzee wangu, ningeua watu.
Nami huku naitikia amina, amina,
huku nalisogeza gunia kwa ncha ya rungu.
Moja.
Nyembamba, nyeusi, imesimama wima.
Mbuzi mmoja alinitazama juu ya bodi
kana kwamba naye alikuwa anahesabu.

Nikaandika: 412 DKV, Kenta, mbuzi, msumari.
Sechelela akaleta kopo, hakutaka hela.
Bosi akapita saa kumi na mbili, akafungua daftari mbele,
akaweka tiki, akauliza kama kuna jipya.
Nikamwambia hakuna.

Malori ya Singida yakaanza kuwasha taa.
La kwanza lilikuwa mia nane na kitu.
La pili sikulisoma vizuri.
Nikasogeza kiti karibu na barabara.