Bila Hodi

Mlango wa mbele una kitasa, komeo na kufuli la shaba
alilonunua Kondo Kariakoo, akabishana bei
hadi muuzaji akamwita shemeji.
Grili ina lake. Geti lina lake.
Kila usiku nazungusha funguo kama mlinzi wa benki,
narudi sebuleni, nazima taa,
na kule chini ya televisheni, vumbini,
taa nne za kijani zinanikonyeza.

Sikuwahi kuzifikiria. Nani anaifikiria ruta?
Ni kisanduku. Kinakula LUKU na kukaa kimya.
Hata tulipokwenda Kisarawe kuzika, siku tisa,
kuku kwa jirani, friji tumechomoa,
chenyewe tulikiacha kikipepesa,
kikiiambia Tabata nzima: nipo, nipo, nipo.

Tausi ndiye aliyenionyesha. Kidato cha tatu,
kompyuta kafundishwa siku mbili, keshakuwa mkaguzi.
"Mama, sisi tuko wawili. Humu wamo saba."
Akanisogezea simu.
Yangu. Yake. Televisheni.
Wengine herufi na namba tu, kama magari ya serikali.
Mmoja kajiita Mnyama wa Kisukuru.
Na mstari wa mwisho: Simu ya Kondo.

Nilikaa chini.

Tuliigawa siku ya arobaini, pamoja na saa na kanzu mbili.
Ilimwangukia Pazi, mtoto wa dada yake,
anayekaanga chipsi pale kona.
Jina hakulibadilisha. Labda hakujua.
Labda alijua.
Mara ya mwisho kuingia: jana, saa tatu na dakika kumi usiku.
Kondo alikuwa akirudi saa tatu.

Wiki nzima sikumwambia mtu.
Ikifika saa hiyo nafungua orodha, namsubiri.
Jina linatokea. Robo saa. Linapotea,
kama mtu aliyepita, akagusa ukuta, akaenda zake.

Neno la siri lilikuwa tausi2011.
Mtaa mzima unajua mwaka aliozaliwa Tausi:
mwaka wa mafuriko, nimejifungua juu ya meza ya kulia,
maji yakizunguka na sufuria zangu.
"Siku polisi wakija," anasema, "watakuja hapa.
Kila 'ile hela tuma kwa namba hii'
itakuwa imetoka kwenye nyumba yetu."

Nikamwambia, nenda kalale. Mimi sikulala.
Maana mwizi wa zamani alikuwa na adabu yake:
alivunja. Unaona tundu, unapiga yowe,
majirani wanatoka na marungu.
Huyu haachi hata unyayo. Amekaa barazani kwa watu,
anamung'unya ubuyu,
na yumo chumbani kwangu.

Ijumaa, baada ya kumsomea marehemu Yasini,
nikasema: badilisha.

Neno jipya silisemi, nawe usiniulize.
Ni refu. Limo jambo alilowahi kuninong'oneza Kondo
kuhusu pweza wangu wa nazi,
na namba isiyo mwaka wa mtu yeyote.
Kisha, saa tatu kasoro, nikainama,
nikabonyeza swichi ukutani.
Taa zikafa moja moja.
Sikujua sebule yangu ina giza kiasi kile.

Saa tatu na dakika kumi.
Hakuna orodha, hakuna jina, hakuna wa kumsubiri.
Nikasikia ndala nje ya geti. Zikasimama.
Zikasogea kushoto, zikarudi,
kama mtu anayetafuta kitu alichokizoea.
Halafu, kwa mara ya kwanza tangu arobaini:

"Hodi. Mama Tausi? Hodi."

Nilitafuta funguo kwa kupapasa.
Kufungua kunachukua muda kuliko kufunga.
Alikuwa kaishika simu kifuani, kioo kimepasuka
pembe ile ile, ya siku ile ya bodaboda.
Anataka kusema. Hajui aanzie wapi.

Karibu, nikamwambia. Vua ndala.
Mtandao tutaongea kesho.
Leo kuna chai.