Mshumaa Uliopinda

Shangazi Shinuna anauza kwa Kiarabu
lakini anahesabu kwa Kiswahili:
ishirini na sita, ishirini na saba,
kila mchovyo na namba yake,
na kati ya namba na namba anangoja
nta ikauke, isiwe tena na jasho.

Kiangazi, Ibra haigandishi kitu.
Mchana hata kivuli kinayeyuka.
Basi huamka saa nane usiku,
huwasha kile kiyoyozi kinachokohoa,
huinjika sufuria ndani ya sufuria.
Nta ni ya mizinga ya mdogo wake Hamdun,
nyuki wa mkunazi, wa kule mabondeni.
Utambi anausokota juu ya paja, nyuzi tatu,
na ukimwuliza kwa nini si mbili
atakutazama kama umeuliza
kwa nini mguu una vidole vitano.

Mimi nafanya kazi upande wa pili.
Niseme tu. Duka la kila kitu, barabara ya Sur,
rafu ya nne, baina ya sabuni na betri:
mishumaa sita, baisa mia tatu,
sanduku lina picha ya waridi.
Huja kwa kontena, myeupe, imenyooka kama askari wa gwaride,
na harufu yake ni ya waridi lisilojua mwiba.

Siku moja nilimpelekea sanduku, mzaha tu.
Nilisimama njiani kunywa kahawa;
kurudi garini, yote sita imeinama upande mmoja
kama wambea waliosikia jambo.
Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.
Halafu akanambia:

    Kimetoka mashineni,
    hakina jina nyumbani,
    ukikiwasha gizani
    chalia kama yatima.

Tukawasha miwili, wake na wangu, tuone.
Wa dukani ulilia kabla haujaambiwa kitu,
ukachora masharubu meusi ukutani,
saa mbili, kwisha, meza imejaa ukoko.
Wa shangazi haukuharakisha.
Mwali wake ulikuwa na umbo la kokwa ya tende,
chumba kikanukia asali kwa mbali,
kama mtu aliyekula akanawa mikono.
Ilipoadhiniwa alfajiri
ulikuwa bado na urefu wa kidole.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa
soko la wanawake la Ibra, Jumatano,
tangu jua changa hadi adhuhuri,
mishumaa kumi na miwili juu ya kitambaa,
riali mbili mmoja,
wateja wakiishika, wakiinusa, wakisema mashaallah,
wakiirudisha mahali pake.
Mashaallah haijazi mtungi wa gesi.
Jioni nawaona wale wale, rafu ya nne.
Siwalaumu. Ni mimi ninayewarudishia chenji.

Mwezi uliopita umeme ulikatika
nikaingia jikoni kwake bila hodi.
Kando ya jiko, juu ya kisahani:
mshumaa mweupe. Waridi. Umenyooka.
Sikusema kitu. Yeye akaendelea kumenya vitunguu,
machozi yake na ya mshumaa yakidondoka pamoja,
kisha akasema, bila kugeuka:
"Yangu ni ya kuuza. Nani anakula mbegu?"

Akafungua kopo la biskuti,
akatoa mmoja wa nta, uliopinda katikati.
"Huu chukua. Hesabu ilinipotea kwenye kumi na tisa,
mtoto wa jirani aliniita."
Nikatoa riali mbili. Akaufunga mkono wangu juu yake,
akaukandamiza kidogo, kama anayefunga bahasha.

Bado sijauwasha.
Umeme ukikatika natumia taa ya simu,
na ule mshumaa upo pale dirishani, umeinamisha kichwa,
unangoja ishirini.