Mkono wa Sib

Watu elfu arobaini na moja wanaujua mkono wangu.
Uso hawaujui.
Bi Ghaliya aliamua hivyo tangu siku ya kwanza,
kwa Kiswahili chake alichokirithi kwa mama yake
pamoja na mkufu na presha:
"Mimi nina haya zangu na wewe una zako. Tuonyeshe udi tu."

Duka lenyewe ni mlango mmoja, soko la Sib,
kati ya fundi wa kanzu na muuza betri za simu.
Wauza udi tuko kumi na tisa, mstari mmoja.
Sote tuna simu,
sote tunafukiza chetezo kilekile cha udongo wa Dhofari
tukiapa kwamba manukato haya hayana mfano.
Lakini harufu haipiti kwenye kioo.
Hilo ndilo donda la biashara yetu, na hakuna anayeligusa.

Azani, mwanawe Bi Ghaliya, amesomea mambo haya Suhar.
Sekunde tatu, anasema. Usipomshika mtu kwa sekunde tatu
kidole chake kimeshakwenda kwa paka, kwa mpira,
kwa harusi ya watu Kuwait.
Weka muziki. Weka maandishi ya njano.
Rusha saa tatu usiku, watu wameshasali, wamejinyoosha,
simu ziko vifuani.
Nikaweka. Nikarusha.
Tukapata wafuasi mia mbili,
thelathini kati yao wauza udi wenzetu
waliokuja kuchungulia bei.

Kisha akanunua watu.
Ndiyo, wanauzwa: riali kumi na mbili, elfu tano.
Walifika alfajiri kwa mkupuo, bila salamu,
majina yao tarakimu, nyuso zao maua ya plastiki.
Bi Ghaliya akafurahi mpaka adhuhuri.
Halafu akaniita:
"Siwema, mbona nyumba imejaa na chai haijapungua?"

Siku ile sikupanga kitu.
Umeme ulikatika. Azani hayupo, muziki haupo,
mwanga ni wa makaa yenyewe.
Simu mkono wa kushoto. Wa kulia nikaupeleka motoni,
mkono uleule uliomwagikiwa mafuta ya maandazi Pangani
nina miaka tisa, ngozi ikabaki ramani ya nchi isiyokuwepo.
Nikasema ninachofanya, basi,
kwa Kiarabu changu cha kuokoteza,
kilipokwama nikakizibia kwa Kiswahili.
Kaa likiwa jekundu, ngoja.
Liache livae jivu, kama mtu avaavyo shuka akitoka kuoga.
Sasa weka udi.
Ukisikia sukari inaungua, umeshachelewa.
Ukisikia mvua ya kwanza kwenye ukuta wa udongo,
ndiyo hiyo.

Asubuhi walikuwa wanauliza: mkono wa nani huu?
Mama mmoja wa Doha aliandika maneno matatu:
"Nimeisikia hiyo mvua."

Azani akataka kovu lifichwe.
Tukapaka hina, maua mpaka kiwiko,
pete tatu za Bi Ghaliya, kucha za kubandika,
koleo likawa haliniiti.
Mkono ukapendeza. Ukafanana na mikono yote.
Watu wakaupita kama wanavyolipita soko mchana wa Agosti.
Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi;
huu uliojaa vya watu hawakuutaja.
Nikasugua kwa ndimu na chumvi siku tano,
usiku, jikoni, peke yangu,
mpaka ramani ikarudi.

Wiki iliyopita alikuja mzee na binti yake kutoka Buraimi,
saa tatu na zaidi barabarani.
Niliporudisha chenji, binti akaliona kovu.
Akausalimia mkono kwanza, kisha mimi.

Juu ya mlango pameandikwa Ghaliya, kwa dhahabu.
Mshahara wangu bado riali mia na kumi,
haukujua kwamba tumekua.
Jana nikamwambia:
"Bi, mkono unaomba nyongeza."
Akacheka.
Akatazama simu, akaisoma ile elfu arobaini na moja,
akanitazama mkono,
akaacha kucheka.