Kupisha, Kisha Kupandisha

Jikoni kwa Ottavio, Malindi, mwezi wa tano.
Pizeria imefungwa, wageni wamerudi kwao,
tanuri baridi, unga umekauka kwenye nyufa za meza.
Tunacheza poka kwa vizibo vya soda,
kizibo kimoja shilingi ishirini.
Mvua juu ya mabati. Kadzo anachanga karata
kwa vidole vilivyosinyaa kwa maji ya vyombo.

Aliwahi kuniambia, akiwa amenipa mgongo:
"Kugonga meza si kukosa la kusema.
Mpishe anayependa kupita."

Nikadhani nimeelewa.

Ijumaa ile nilishika saba mbili,
na ya tatu ikalala mezani, kando yake kopa mbili.
Nimebaki na Masha, fundi bomba,
mtu ambaye ukimpa salamu
huihesabu kwanza ndipo airudishe.
Nikagonga meza, nikamngoja atie nimrukie.
Masha naye akagonga.
Karata iliyofuata ikaja bure, na ilikuwa kopa,
na mkononi mwake zilikuwamo mbili zikimngoja mwenzao.
Vizibo arobaini na kimoja. Na usingizi.

"Mtego hauwekwi njia isiyopitwa," Kadzo alisema.
"Masha ungemtoza."

Basi lini? nilimuuliza, tukisuza bilauri.

"Ukiwa wewe ndiwe wa kwanza kusema,
na nyuma yako yupo mtu
ambaye kimya kinamwasha kama upupu.
Aliyepandisha tangu karata zimelala kifudifudi,
akaja na kiburi chake mpaka hapa.
Na awe na vizibo: mbuzi aliyekamuliwa alfajiri
humkamui tena saa tatu.
Ukipandisha, pandisha mara tatu,
usidondoshe kidogo kidogo kama anayeomba radhi."
Akafuta mikono.
"Na siku mojamoja ufanye huna kitu.
La sivyo watakusoma kama bei ya nyanya."

Ottavio haoni chungu wazi asitie chumvi.
Jumanne nilikuwa na shupaza mbili,
mezani shupaza mbili, na basha wa uru akitukodolea.
Sina kitu, ila njia ya kupata kitu.
Nikagonga, polepole, kwa kifundo cha kidole.
Akatia vizibo vinane, akiimba puani.
Nikasukuma ishirini na vinne.

Wimbo ukakatika.
Akatazama karata zake, akanitazama mimi,
akatazama tanuri kana kwamba lina ushauri.
Kisha akazitupa.
Sijui alikuwa na nini. Zangu sikumwonyesha,
ingawa nilitamani sana,
na mate yalikuwa yamenikauka kabisa.

Kadzo alikusanya karata bila neno.

Yeye mwenyewe huwa hatii hata kizibo.
Hugawa tu, huosha tu,
na tangu Machi hajalipwa, wala hajadai.
Kila Ottavio akisema "mwezi ujao, mama,"
yeye hugusa meza kwa kifundo,
mara mbili, taratibu.

Jana simu zimeanza kuingia. Julai imejaa.
Ottavio akaja mbio na daftari, uso umemchanua:
"Kadzo! Watu arobaini, Jumamosi ya kwanza!
Washa tanuri tulijaribu!"

Kadzo akakaza kanga kiunoni,
akavuta kigoda, akaketi,
akataja namba.

Mimi na Masha tukajifanya tunahesabu vizibo.