Kitambaa cha Raili

Januari, Oulu. Nje, digrii ishirini na saba chini ya sifuri,
hata mate huganda kabla hayajaamua yaanguke wapi.
Ndani ya jengo la maduka ni majira mengine:
makoti wazi, pua zinayeyuka,
mji mzima umekuja kuvuta pumzi ileile.

Mimi ni wa afya, wa halmashauri. Nina vijiti vya pamba mia na ishirini
na saa mbili kabla milango haijafungwa.
Nasugua kitufe cha lifti, kilichofutika namba kwa vidole.
Nasugua mpini wa troli. Nasugua farasi wa plastiki,
alaye sarafu, akakimbia, asifike.
Mtoto mmoja, Veikka (mama yake kamwita mara tatu),
anapanda ngazi za umeme ulimi juu ya reli,
kama anayelamba stempu.
Naandika: mkono wa kushoto, saa kumi na moja na dakika arobaini.

Raili yuko nyuma yangu daima.
Miaka kumi na tisa anaifuta reli hii
na aligundua zamani kwamba hana haja ya kutembea:
anasimama, anaweka kitambaa,
reli inajileta yenyewe
kama ng'ombe amjuaye mkamaji wake.
"Andika kwamba pananukia," ananiambia.
Na kweli pananukia. Ndimu ya kiwandani.

Siku ya tatu nafungua kabati la joto.
Sahani ya lifti: vitone vichache, rangi ya maziwa.
Ya farasi: kisiwa cha ukungu, kijani, karibu kizuri.
Ya reli: pungufu ya nilivyoapa. Veikka, umesalimika.
Kisha meza za kulia, namba nne hadi kumi na sita,
zote zimeota uji wa njano uleule,
meza hadi meza,
kama nyayo za mtu ajuaye aendako.
Nikazifuata kinyumenyume. Zikanifikisha kwenye ndoo.
Wahenga hawakuwa na hadubini,
lakini walijua nguoni ndimo mwa kutazamwa.

Kitambaa kimoja kwa zamu. Ndio mkataba.
Kimoja, cha buluu, meza arobaini,
maji yabadilishwe "inapobidi".

Bwana Hyvönen anataka jina.
*Mhusika*, fomu inasema, na mistari miwili mitupu.
Raili ananimiminia kahawa; mikono myekundu,
imepasuka vifundoni kwa dawa,
mikono safi kuliko yote niliyoipima.
(Niliipima. Aliinyoosha kama mwanafunzi
anayekaguliwa kucha.)

Naandika: vitambaa arobaini.
Naandika: maji ya moto.
Penye mhusika naandika bei ya kitambaa kimoja,
senti sitini na tano,
nagonga muhuri.

"Uliandika kwamba pananukia?"
Niliandika, Raili.
Ukurasa wa mwisho, kwa kalamu,
mahali ambapo fomu haikuuliza.