Upande wa Kushoto

Klabu hufunguliwa Jumanne na Ijumaa.
Siku zilizobaki ni zangu na chuma cha kupashia joto,
kilichokongomewa ukutani tangu enzi za Wasovieti,
ambacho, toka nihamie ghorofa hii ya nne hapa Kutaisi,
hakijapasha kitu ila hasira yangu.

Nimekifunga tyubu mbili za baiskeli.
Ndizo mpinzani wangu wa jikoni.
Navuta, nageuka, nakunja magoti, naingiza kiuno,
narudi.
Navuta, nageuka.
Waliowahi kuvaa mkanda wanaelewa:
mtupo mmoja wa shindano, kufumba na kufumbua,
hulipiwa kwa maelfu ya mitupo isiyomwangusha mtu,
kati ya sinki na meza,
sufuria ya maharagwe ikitokota.

Mlangoni limening'inia koti langu la judo la zamani,
kifuani lina doa, damu ya pua ya Lamara,
sote wawili tukiwa na miaka kumi na tisa.
Nalikamata kwenye ukosi, najivuta
mpaka kidevu kipite fremu.
Saba.
Zamani kumi na tano, na maneno juu.
Siku hizi vidole vinaachia kimoja kimoja,
kama wageni wanaoaga.

Nina miaka arobaini na mmoja. Nauza dawa,
zamu ya asubuhi, duka lililo mkabala na stendi.
Nawashauri watu jinsi ya kuchua magoti;
la kwangu la kushoto, lililopasuliwa miaka minne iliyopita,
silichui.
Mganga hajigangi.

Usiku Erekle akishalala
natua kwa ncha za vidole, kama mwizi.
Lakini sakafu ya mbao haina siri,
na chini yangu anaishi Bibi Tsiuri,
aliyepiga piano miaka thelathini na sita
katika shule ya wacheza baleti,
akiwatazama watoto wa watu wakirukaruka.
Anagonga dari kwa mpini wa ufagio.
Du. Du.
Nasimama. Naona haya. Kesho yake naanza tena.

Mwezi Februari akapanda ngazi,
ndara miguuni, koti la manyoya juu ya gauni la kulalia.
Nikamtangulia kwa samahani, nikamfuatishia samahani.
Akanikata:
"Kelele nimezizoea. Sikujia kelele.
Kulia unapiga thelathini.
Kushoto ishirini na mbili, halafu unanyamaza.
Kila usiku, ishirini na mbili.
Nakaa kitandani nangoja nane zilizobaki.
Binti, silali."

Akashuka.
Nikabaki na mlango wazi na baridi ya ngazini.
Kumbe mimi nilihesabu thelathini.
Naapa, nilihesabu.

Usiku ule ya ishirini na tatu iliuma
kama jina la mtu unayemdai.
Ya ishirini na saba nilishika meza.
Ya thelathini,
kutoka chini, mara moja tu, taratibu:
du.

Mwezi Mei, Tbilisi, mashindano ya wakongwe.
Mwanamke wa Batumi, mabega kama kabati,
alikuwa amenisoma; kulia kwangu kote alikufunga.
Basi mwili, bila kuniomba ruhusa,
ukageukia upande mwingine.
Nikaona nyayo zake hewani,
kisigino kimoja kina plasta ya bluu.
Baadaye alinikaba shingo nikagonga mkeka.
Nilishindwa, nisiwafiche.

Niliporudi na begi langu, mlango wake ulikuwa nusu wazi.
"Wa kushoto?"
"Mmoja."
"Mmoja," akarudia,
kama mtu anayejaribu kibonye cha piano ya kununua,
kisha akafunga.

Leo nimekaza tyubu fundo moja zaidi.
Maharagwe yanatokota.
Naanza na kushoto.